Roshani si baraza, dalali usinizuge!

Leo nina neno na madalali wa Dar. Siku hizi kila kilichochomoza nje ya ukuta wanakiita "teresi". Unapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, jasho linakutiririka, unaoneshwa kisehemu cha kutosha stuli moja na beseni la nguo, halafu mtu mzima na akili zake anakwambia, "Bosi, hii ina teresi, ndiyo maana kodi yake imechangamka." Teresi wapi, bwana? Hiyo ni roshani, au balkoni kama tunavyoiita mitaani.

Tofauti yake haihitaji kwenda chuo. Simama hapo ujiulize: chini ya miguu yangu kuna nini? Kama ni ardhi, au ni chumba cha mtu kilichofunikwa zege bapa, uko kwenye teresi. Kama ni hewa tupu na vichwa vya wapita njia, hiyo ni roshani. Teresi imelala, roshani imening'inia. Basi!

Na usidhani ni ubishi wa maneno tu. Fundi mmoja wa zege aliwahi kunipa darasa. Sakafu ya kawaida iliyoshikwa pande zote huvutika upande wa chini, kwa hiyo nondo zake kubwa hukaa chini. Roshani imeshikwa upande mmoja tu, kwa hiyo inayovutika ni ngozi ya juu, na nondo lazima zikae juu. Sasa vibarua wakizikanyaga wakati wa kumwaga zege zikazama, siri inafunikwa humo humo na wewe unakuja kuweka tangi la maji. Teresi ya juu ya paa adui yake ni mvua. Isipowekewa mteremko na njia ya maji, jirani wa chini atalala na ndoo kitandani.

Wazee wetu hawakuchanganya mambo haya. Nenda Mji Mkongwe, Zanzibar. Chini utakuta baraza za mawe zimeegemea kuta, watu wanapiga soga na kunywa kahawa. Inua macho, utaona roshani za mbao zilizonakshiwa, kama zile za jumba la zahanati ya zamani pale mbele ya bahari, lililokamilika mwaka 1894. Ya chini ni ya mtaa mzima, ya juu ni ya mwenye nyumba. Kila moja na kazi yake.

Hapo kwenye kazi ndipo linaponigusa mimi. Bibi yangu alikaa Kariakoo miaka na miaka, kwenye nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, korido katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Asubuhi anatandika mkeka barazani, anakaanga vitumbua. Ukipita hapo huwezi kumkwepa. "Shikamoo bibi." "Marahaba, mama yako hajambo?" Habari za mtaa zote alikuwa nazo kabla hazijafika gazetini.

Ikaja zama ya maghorofa. Familia ikaelewana na mjenzi, nyumba ikabomolewa, bibi akapata fleti ghorofa ya nne. Maji ndani, choo ndani, na roshani inayotazama barabara. Sisi wajukuu tukaona mambo bomba. Wiki ya kwanza aliketi roshani akisalimia wapita njia. Nani atasikia, kwa makelele yale ya honi? Mwezi wa tatu akaacha. Sasa anashinda chumbani, na yule mama wa maneno mengi ukimuuliza kitu anajibu neno moja.

Juzi nikamuuliza, bibi una nini? Akanijibu, "Mjukuu wangu, huku juu naiona Kariakoo, lakini yenyewe hainioni."

Nimelifikiria sana jibu hilo. Barazani mgeni haombi ruhusa, anaketi tu. Kufika roshani ya bibi ni lazima apite mlinzi, apande ngazi, agonge mlango, avue viatu, akatize sebuleni. Shoga yake mwenye magoti mabovu ataweza wapi? Ndiyo maana Kiswahili kikachukua neno baraza kikawapa hata wakubwa: tuna Baraza la Mawaziri, Zanzibar wana Baraza la Wawakilishi. Uliwahi kusikia Roshani ya Mawaziri?

Kwa sasa nyumbani kuna mvutano. Bibi anataka kuhamia kwa shangazi Mbagala, kwenye kibanda chenye baraza. Wajomba wanasema watu watatucheka: mama ametolewa fleti mjini akapelekwa Mbagala! Mimi kura yangu iko kwa bibi. Waache wacheke. Afadhali ale vumbi la barabara na watu wake kuliko upepo wa ghorofa ya nne peke yake.

Nawe unayetafuta chumba, roshani ni nzuri kwa kuanika nguo, kupunga upepo na kuongea na simu usisikike. Chukua kama inakutosha. Ila dalali akiiita teresi, mwambie aangalie chini, kisha mpunguziane bei. Tuonane wiki ijayo!