Saa ya Marehemu Baba katika Soko la Mumbai

Aliyewahi kwenda Mumbai kwa matibabu anajua kwamba siku nyingi hupita katika kungoja majibu. Katika siku moja ya namna hiyo mama aliniambia twende Chor Bazaar. Alitaka saa ya mkono aina ya Seiko 5, mfano wa ile aliyorudi nayo marehemu baba kutoka Ghuba, kisha akaiuza mwaka nilioingia sekondari ili nipate karo. Baba hakuvaa tena saa nyingine mpaka alipofariki.

Soko hilo liko karibu na Barabara ya Mohammed Ali, katika mitaa ambayo mwanamke mwenye buibui hatazamwi mara mbili. Jina lake ni Soko la Wezi, ingawa wapo wasemao kuwa asili yake ni shor, yaani makelele. Nami kwa masikio yangu niliwaamini hao.

Muuzaji wa kwanza alitutolea Seiko yenye uso mwekundu unaong'aa. Mama akapendezwa nayo. Mimi niliingiwa na shaka, kwani mgongo wake ulikuwa umekwaruzika kwa miaka, na uso hauna hata doa. Mafundi wengi wa India hupaka rangi upya nyuso za saa kuukuu. Kukarabati si kosa. Kosa ni kumficha mnunuzi. Nikasoma maandishi madogo yaliyo chini kabisa ya uso: yalianza na 6119. Mgongoni palichorwa 7009. Tarakimu hizo nne ni jina la mashine ya ndani, na hazina budi kuoana. Tukamshukuru, tukaondoka, na mama akageuka nyuma mara mbili.

Duka la pili lilikuwa la mzee mpole. Saa yake ilikuwa na uso wa rangi ya fedha uliofifia, kioo kina mikwaruzo, na siku zimeandikwa kwa Kiarabu, kama zile zilizouzwa Ghuba. Mgongoni 7009, usoni 7009. Nikamwomba aifungue: ndani pameandikwa 7009A, vito 17, wala hapana kutu. Namba ya mfululizo ilianza na 4 na 8. Ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi. Nikakadiria Agosti 1984. Saa hii haitiwi ufunguo, hujijaza kwa mwendo wa mkono, basi tukaitikisa, tukaiweka mezani, tukanywa chai. Baada ya nusu saa ilikuwa bado sawa na simu yangu.

Mzee alitaka rupia 1,800. Mwenyewe alikiri kwamba haijasafishwa miaka mingi, nasi tukamwonyesha kwamba ujira wa fundi na kioo kipya utatoka mfukoni mwetu. Tukaafikiana kwa 1,200. Ile nyekundu iliyotengenezwa kwa vipande ilikuwa 2,500.

Njiani mama hakusema neno. Tulipofika chumbani alikaa kitandani, akavuta kitufe cha pembeni, akarudisha akrabu nyuma saa mbili na nusu, mpaka zikaonyesha wakati wa Mombasa.