Jicho la Kibuyu

Darasani tulisoma habari za watoto wa Ulaya na Marekani, ambao kila tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, huchonga taa za maboga zenye macho na meno. Desturi hiyo huitwa Halloween. Asili ya taa hizo ni Ireland na Scotland, ambako zamani watu walichonga mizizi minene ifananayo na figili. Hata wahamiaji wao walipofika Marekani, wakaona kuwa boga ni kubwa tena rahisi kuchonga, basi wakaiacha ile mizizi. Nilipokwisha kusoma nilisema moyoni, "Maboga hata kwetu Ulyankulu yapo."

Likizo ya Juni ilipofika nilirudi nyumbani. Wazazi wangu walikuwa wakishinda bandani kuchambua tumbaku, nami nikaachiwa watoto watatu, mkubwa wao ana miaka 7 na mdogo ana miaka 4. Siku ya kwanza tulitengeneza magari ya makopo, yenye magurudumu ya kandambili zilizokatika. Tukafanya na wanasesere wa magunzi ya mahindi, tukawavika vitambaa.

Siku ya pili tukachonga maboga. Kazi yenyewe ni nyepesi. Kata juu, upate kifuniko. Mpe mtoto kijiko akombe mbegu (mama alizianika zote, maana ni mboga), kisha wewe mkubwa ushike kisu utoboe macho na mdomo. Ndani weka kipande cha mshumaa. Lakini maboga yalikuwa mawili tu, na watoto ni watatu. Yule mdogo akalia sana asinyamaze.

Hapo ndipo nilipokosa akili. Nyuma ya mlango wa chumba cha Bibi kilikuwa kimetundikwa kibuyu kikuukuu, cheusi kwa moshi. Nikakitungua, nikamimina maharage yaliyokuwamo katika bakuli, nikaanza kukata. Jicho la kwanza lilikwisha kutoka, mviringo mzuri kabisa, Bibi alipoingia na kuni kichwani.

Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alitua kuni, akaokota kile kipande kilichoanguka, akakaa kitako chini. Nikasema, "Nisamehe, Bibi. Nalidhani hakina kazi."

Akanijibu, "Mjukuu wangu, ungaliniuliza."

Kisha akatuambia habari ambayo mimi, pamoja na elimu yangu ya kidato cha nne, sikuwa nimepata kuiuliza. Mwaka 1972 mauaji yalipotokea Burundi, yeye alikuwa msichana wa miaka 12. Walikimbia usiku, na mama yake hakuchukua kitu ila mtoto mgongoni na kibuyu hicho kimejaa mbegu za maharage. Walipoletwa Ulyankulu palikuwa pori la miombo. Wakafyeka, wakapanda mbegu zile. Tangu hapo kila mavuno hutiwa mbegu mpya katika kibuyu kile kile. Mwaka 2014 Serikali ya Tanzania ilipowapa uraia wakimbizi wa 1972 zaidi ya 160,000, Bibi naye alipata karatasi yake, akaikunja akaiweka sandukuni. Lakini cha mama yake alikuwa na kibuyu tu.

Sikulala vizuri usiku ule. Asubuhi Bibi aliniita, akanipa msumari na uzi wa katani. Niliupasha msumari motoni, nikatoboa matundu madogo kuzunguka jicho, na mengine katika kile kipande, naye akanionyesha jinsi ya kushona kibuyu, kama walivyofanya wazee vibuyu vyao vilipopasuka. Ilinichukua hata adhuhuri. Watoto walikaa kimya wakitazama, na mmoja baada ya mwingine Bibi aliwaachia wavute uzi. Tulipomaliza, yule mdogo akakitazama akasema, "Kaka, sasa kimefumba jicho." Bibi akacheka, nami nikapata kupumua. Maharage yakarudi ndani. Maji hakishiki tena, lakini mbegu kinashika.

Wanafunzi wenzangu, likizo ijayo chezeni na wadogo zenu. Haina gharama: kopo, gunzi, kandambili, boga, vyote vimo nyumbani. Wala si vibaya kuiga jambo zuri la watu wa mbali. Ila mimi nilijua asili ya boga la Ireland, nisijue asili ya kibuyu cha nyumbani kwetu. Kabla hujatia kisu katika kitu cha nyumbani ukidhani ni takataka, muulize kwanza mwenyewe. Huenda akakupa; na asipokupa, atakupa habari yake.