Kuomba na Kutunza

Kuomba ni kazi nyepesi kwa ulimi na nzito kwa moyo. Mtoto huomba bila ya haya, kwa kuwa ajua kuwa mwombwa ni mzazi wake. Mtu mzima huomba kwa kuinamisha kichwa, kwa kuwa hajui kama atapewa kitu au atapewa maneno. Lakini kijiji kizima kikiomba, mambo hubadilika. Kijiji hakina uso wa kuona haya wala goti la kupiga. Hapana budi kipate mtu mmoja wa kukiombea, na mtu huyo hubeba haya ya wote.

Mtu wa namna hiyo alikuwako katika kijiji kimoja kusini ya mji wa Singida, katika nchi ambayo tangu mwaka 2012 ni wilaya ya Ikungi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, na wakubwa kwa wadogo walimwita kwa jina la kazi yake, Mwalimu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alichaguliwa kuwa katibu wa kamati ya maji. Hakuitaka kazi ile. Alipewa kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri.

Nchi hiyo ina neema yake na uchungu wake. Mvua huanza aghalabu mwezi wa Novemba na kukoma Aprili. Miezi iliyobaki mbingu hukauka. Miamba mikubwa ya itale imetanda juu ya ardhi kama ng'ombe waliolala. Karibu na mji yako maziwa mawili, Singidani na Kindai. Msafiri huyasifu kwa uzuri, lakini maji yake ni ya chumvi. Vijijini, wakati wa kiangazi, wanawake hufukua mchanga wa mito iliyokauka, wakangoja maji yajikusanye shimoni kidogo kidogo, wakayateka kwa kibuyu. Mmoja akiteka, kumi wangoja; na wa kumi na moja amekwisha kuondoka nyumbani kabla ya jogoo kuwika.

Pampu ya mkono ilikuwako kijijini, ila ilikuwa imekufa. Siku ilipofunguliwa, ngoma zilipigwa na hotuba zikatolewa. Ilitoa maji kwa miaka kadhaa, kisha ikaanza kukohoa, kisha ikanyamaza. Aliyeijua dawa yake hakuwako. Spea iliyotakiwa ilikuwa kitu kidogo cha kutosha kiganjani, lakini hapana aliyejua kinunuliwe wapi wala kwa fedha ya nani. Kila aliyeulizwa alijibu kuwa pampu ni ya serikali. Basi watu waliingojea serikali, na serikali iliwangojea watu, na kutu haikumngoja mtu. Watoto waligeuza mkono wa pampu ile kuwa farasi wao.

Mwalimu aliyafahamu vizuri mambo yaliyotangulia, kwa kuwa mengine aliyafundisha kwa chaki. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliwaonya wananchi wasiifanye fedha kuwa msingi wa maendeleo, na hasa fedha ya msaada na mkopo kutoka nje. Miaka minne baadaye, mwaka 1971, serikali ilianza mpango mkubwa wa miaka ishirini: kabla ya mwaka 1991 kwisha, kila mwanakijiji awe na maji safi karibu na nyumba yake, mita 400 tu. Nia ilikuwa njema, tena ya haki. Lakini sehemu kubwa ya fedha ya kuitimiza ilitoka kwa wafadhili wa nje, Sweden ikiwa mbele, na maji yalitolewa vijijini bila ya malipo. Mwaka 1991 ulifika, nao umbali wa mita 400 ulikuwa bado ni ndoto ya wengi. Onyo lilikuwa limehifadhiwa katika vitabu, na pampu zilikuwa zimeachwa juani.

Sera ya Maji ya mwaka 2002 iligeuza mwendo. Ilitaka kijiji chenyewe kiombe mradi, kichangie sehemu ya gharama ya ujenzi, kisha kibebe gharama yote ya kuuendesha. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, uitwao TASAF, ulioanzishwa mwaka 2000, nao ulitaka wananchi watoe nguvu zao, mawe na mchanga kabla ya kupewa fedha. Tangu hapo kalamu ya katibu wa kijiji ikawa jembe la pili.

Barua ya kwanza ya Mwalimu ililia. Ilieleza umaskini wa kijiji kwa maneno ya kuchoma moyo, na yeye mwenyewe aliionea fahari, kwa kuwa hapakuwa na kosa la lugha ndani yake. Jibu halikuja. Alipofuata habari zake wilayani alipokewa na karani mmoja kijana, aliyepata kuwa mwanafunzi wake.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema karani. "Barua yenu tumeisoma. Lakini vijiji vyote ni maskini, Mwalimu, na mwenye kutoa hawezi kuchagua kwa machozi. Anataka kujua mko kaya ngapi, maji mnayateka umbali gani, mmekwisha kuweka fedha kiasi gani, na pampu ikiharibika ni nani atakayeitengeneza."

Mwalimu alirudi nyumbani na swali lile la mwisho. Wahenga walisema kuwa mkono mtupu haulambwi, na yeye alikuwa amenyosha mkono mtupu akidhani kuwa utupu wake ndio sifa yake. Kumbe mwenye fedha hatafuti mahali penye shida, maana shida iko kila mahali. Hutafuta mahali ambapo fedha yake haitapotea. Jambo hilo ni chungu kulisema, ila ni kweli.

Mkutano mkuu wa kijiji uliitwa chini ya mti. Kamati ilipendekeza kila kaya itoe debe la alizeti, au kuku, au thamani yake, na fedha iwekwe benki kwa jina la mfuko wa maji. Mkono wa kwanza kuinuliwa ulikuwa wa kikongwe mmoja, mjane, ambaye hakuwa na desturi ya kusema mkutanoni.

"Mwanangu," alimwambia Mwalimu, "nina swali. Huko mijini, wanapojengewa barabara ya lami, kila nyumba hutoa kuku?"

Watu walicheka. Mwalimu hakucheka. Alisimama kwa kitambo, kwa maana swali lile lilikuwa zito kuliko pendekezo lake. Mwenye bomba nyumbani mjini hulipia maji anayoyatumia, lakini haitwi chini ya mti kuthibitisha kwamba anastahili kujengewa. Maskini ndiye anayetakiwa atangulie kutoa ili aaminiwe.

"Mama," alijibu, "umesema kweli, nami sina jibu. Lakini ukweli huo hautajaza ndoo ya mtu mwaka huu."

"Basi niandike kuku mmoja," alisema kikongwe. "Ila uliandike na neno langu."

Mwalimu aliliandika. Katika muhtasari wa mkutano ule, chini ya orodha ya michango, palikuwa na mstari mmoja uliosema kwamba mjumbe mmoja aliuliza kama watu wa mijini nao hutakiwa kuchangia hivyo, na kwamba mkutano haukupata jibu. Wapo wajumbe wa kamati waliotaka mstari ule ufutwe, wasije wakamuudhi mfadhili. Mwalimu alikataa. Alisema kuwa kijiji kinaomba maji, hakiuzi ulimi wake.

Barua ya pili haikulia, ilihesabu. Ilitaja kaya, umbali, akiba iliyoko benki, na majina ya vijana wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, waliokubali kufundishwa ufundi wa pampu. Ilipita halmashauri ya kijiji, ikapita kamati ya maendeleo ya kata, ikafika wilayani pamoja na muhtasari na mstari wake. Safari hii jibu lilikuja.

Kuchimba hakukuwa rahisi. Ardhi ya mwamba ni kama mtu wa siri. Haisemi kilicho moyoni mwake hata upasue. Shimo la kwanza lilitoa vumbi, na gharama ya shimo kavu ni karibu sawa na ya shimo la maji. Baadhi ya watu walidai kuku wao. Shimo la pili lilitoa maji, nayo yalipimwa kwanza, kwa sababu katika sehemu za Singida maji ya chini huwa na madini ya floridi kupita kiasi, yanayoharibu meno na mifupa. Yalionekana kuwa yanafaa.

Hapo wengi hudhani hadithi imekwisha. Mwaka 2009 shirika la WaterAid lilieleza kwamba karibu nusu ya vituo vya maji vya vijijini Tanzania havikuwa vikifanya kazi, na kwamba robo ya vituo vipya ilikuwa imeharibika miaka miwili tu baada ya kujengwa. Kila kimoja cha vituo hivyo kilikuwa na mtu aliyekiombea, na siku ya furaha yake. Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2019, ulipewa kazi ya kujenga na kusimamia maji ya vijijini pamoja na vyombo vya watumiaji wenyewe. Maana imejulikana kwamba kijiji peke yake huchoka, na serikali peke yake huchelewa.

Mwalimu alinunua daftari. Kila ndoo iliyotekwa ililipiwa kidogo, na kila senti iliandikwa. Pampu mpya ilipokohoa kwa mara ya kwanza, yule fundi wa kike aliifungua, akataja spea iliyotakiwa, na fedha ikatoka mfukoni mwa kijiji. Hapakupigwa ngoma siku ile, wala hotuba haikutolewa. Kabla ya jua kuchwa maji yalikuwa yakitoka tena.

Kikongwe alikuja na ndoo yake, akalipa kama wenziwe, akamwuliza Mwalimu kama jibu la neno lake limekwisha kuja kutoka huko lilikopelekwa.

"Bado, Mama," alisema Mwalimu.

"Litunze," alijibu kikongwe, "kama unavyoitunza pampu."