Taa Kichwani, Uso Gizani

Katika mwaka wa mwisho wa masomo yetu ya mawasiliano hapa Lubumbashi, kila kikundi hutakiwa kutengeneza filamu fupi pamoja na vitu vya kuitangaza: bango la ukutani, picha ya kurusha kwenye simu na tangazo la redio. Kikundi chetu kilichagua filamu ya kutisha. Wenzangu waligawana kamera, sauti na uigizaji. Mimi najua kuchora kidogo, na kompyuta yangu huwaka bila kubembelezwa, basi nikakabidhiwa bango. Wengi hudhani hiyo ni kazi ya kumalizia, ya jioni moja baada ya watu wa maana kufanya mambo ya maana. Anayedhani hivyo hajawahi kukaa mbele ya ukurasa mweusi akijiuliza aweke nini ndani yake.

Filamu yenyewe ilihusu batumbula. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa awafikirie mumiani na wachinjachinja. Wa Nairobi na Kampala awakumbuke wazimamoto waliosemwa kuwa wananyonya damu. Kwetu Katanga, enzi za Wabelgiji, mji huu ukiitwa Élisabethville, watu walisimuliana kwamba wazungu wana vibaraka wao Waafrika wanaozunguka usiku kuteka watu. Aliyetekwa alifungiwa, akanenepeshwa kama nguruwe, mwisho akaliwa. Kinshasa nao walikuwa na mzungu wao wa usiku, mwenye taa mkononi. Mwanahistoria Mmarekani Luise White alizifuatilia hadithi za namna hii katika kitabu chake *Speaking with Vampires* cha mwaka 2000, na sura moja nzima aliitoa kwa ukanda wa shaba, upande wa Zambia na upande wetu. Hakuzicheka. Alizichukua kama ushahidi wa jinsi watu walivyouelewa ukoloni.

Nami sizicheki. Desemba 1941, wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière waligoma hapa hapa mjini wakidai mishahara, na askari wakawafyatulia risasi kwenye uwanja wa mpira. Waliokufa walikuwa makumi. Watoto wa mji wa namna hiyo wakisimuliwa kwamba mzungu anakula watu, hawahitaji kushawishiwa sana.

Wachoraji wa hapa nao waliifanyia kazi hofu hiyo. Miaka ya 1960 na 1970, sebule za wafanyakazi zilipambwa kwa picha za kununua barabarani: Mamba Muntu, yule mwanamke nusu samaki, Colonie Belge, mfungwa akichapwa viboko, na Simba Bulaya, simba wa Ulaya, ambao ndio batumbula wenyewe. Jina hilo la mwisho tuliliazima liwe jina la filamu yetu.

Mapendekezo ya bango yalianza kumiminika kwenye kundi letu la WhatsApp siku ile ile. Fuvu. Mikono yenye damu. Herufi nyekundu zinazochuruzika, kama zile za makasha ya filamu za Nigeria ambazo tumekua nazo, maana tangu *Living in Bondage* ya mwaka 1992 uchawi na pesa vimekuwa mkate wa kila siku wa video zao. Watanzania pia walipita njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mussa Banzi alipotoa *Nsyuka* kisha *Shumileta*. Sina ugomvi na damu. Ugomvi wangu ulianza na pendekezo lililopendwa kuliko yote: mtoto wa kike amesimama mlangoni, macho meupe, anatutazama. Katika filamu kweli yupo mtoto, na ndiye anayesikia mlango ukigongwa usiku.

Nilikataa, na tukabishana sana. Hoja yangu ilikuwa hii: filamu ina dakika zake za kujieleza. Mtazamaji anaweza kumwogopa mtoto dakika ya tatu na kumhurumia dakika ya kumi na mbili. Bango halina dakika ya kumi na mbili. Mtu anapita na bidoni yake ya maji, anatupa jicho, anaondoka na alichokiona. Akiona mtoto mwenye macho ya kutisha, amefundishwa kwamba mtoto anatisha. Na mji wetu umejaa watoto waliofukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi, wengine baada ya mama mdogo kuota ndoto, wengine baada ya mchungaji kuwanyooshea kidole. Katiba yetu ya mwaka 2006 inakataza jambo hilo kwa jina katika kifungu cha 41, na sheria ya kumlinda mtoto ya Januari 2009, kifungu cha 160, inalifanya kosa la jinai. Sheria zipo. Watoto nao wapo, wanalala nje ya maduka. Mimi nitundike picha ya kuwatia hatiani zaidi, kisa nipate alama?

Mhadhiri wetu hakuafiki haraka. Alisema filamu ya kutisha bila sura ya kutisha haiuzi. Nikamjibu, “Prof, tuangalie *The Exorcist*.” Filamu ile ya mwaka 1973 inahusu msichana aliyepagawa na shetani, lakini bango lililobuniwa na Bill Gold halina msichana wala shetani. Lina mwanamume mwenye kofia na mkoba, amesimama barabarani usiku, mwanga ukimwagika kutoka dirishani. Basi. Mwelekezi William Friedkin alisema picha ile ilitokana na michoro ya René Magritte, Mbelgiji, ambaye alichora nyumba zenye giza na taa chini ya anga la mchana. Prof alicheka kusikia Ubelgiji umeingia hata hapo, akaniambia niendelee lakini nimletee kitu cha kuonekana.

Sasa kama si mtoto, nani? Jibu la haraka lilikuwa mutumbula mwenyewe. Lakini ana uso gani? Nikimpa uso wa kizungu, ni bango la somo la historia, halimtishi mtu wa leo. Nikimpa uso mweusi, nimechora jirani ya mtu. Hilo si jambo la kufikirika tu: mwishoni mwa mwaka 2017, kusini mwa Malawi, uvumi wa wanyonya damu uliwafanya watu wakusanyike usiku na kuua watu wasiopungua watano, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe. Waliouawa walikuwa watu wenye nyuso za kawaida kabisa.

Nikaenda mtaa wa Katuba kwa mzee mmoja anayeandika majina ya maduka na vinyozi kwa brashi, ambaye ujana wake aliuza picha za Simba Bulaya. Nilimpata anapaka ubao wa duka la dawa. Nilipomuuliza, “Papa, mutumbula alikuwa na sura gani?” hakuinua macho.

“Mwana, ile sura hakuna mwenye aliiona. Mwenye aliiona hakurudia.”

“Sasa nyiye mulikuwa munachora nini?”

“Taa. Bantu banaogopa taa.”

Alichokiita taa ndicho kilichonipa bango. Huu ni mji wa migodi. Taa ya kichwani usiku ni ya baba anayerudi zamu, ni ya mchimbaji wa mikono anayetoka shimoni na mfuko mgongoni, ni ya mlinzi wa geti. Ni ya mtu anayeleta unga nyumbani. Na katika hadithi za bibi zetu, taa hiyo hiyo ni ya anayekuja kukuchukua. Ukiiona kwa mbali kwenye kichochoro huwezi kujua ni ipi hadi ikufikie.

Tulipiga picha usiku ambao umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, kwa mara moja kukatika huko kukatufaa. Mwenzetu mrefu alivaa koti la mvua la babu yake na taa ya kichwani ya sokoni. Taa hizo za siku hizi zina mwanga wa buluu kama wa hospitali, basi nikaifunika kwa karatasi ya peremende ya rangi ya kahawia, mwanga ukawa wa manjano, wa zamani. Simu niliiegemeza juu ya matofali, nikaiacha kamera yake ipokee mwanga kwa sekunde nne, nikamwambia asipumue. Mwingine alipuliza poda ya mtoto mbele yake ili mwale uonekane hewani. Kilichonishangaza ni kwamba sikuhitaji kuficha uso kwa programu yoyote. Taa ilipoielekea kamera moja kwa moja, iliufuta uso wenyewe: paji, macho na mdomo vilimezwa na mwanga, yakabaki mabega, koti na mkono mmoja uliolegea. Ule mkono ndio ninaoupenda. Hauonyeshi shari yoyote. Ni mkono wa mtu aliyechoka.

Nyuma ya mtu huyo mwanzoni niliweka dohani la kampuni ya migodi ya Gécamines na lile lima leusi la masalia ya shaba. Nilijifunza kukata na kuunganisha picha hivyo kwa kuangalia kazi za Sammy Baloji, mpiga picha mwenyeji wetu, ambaye katika mfululizo wake *Mémoire* wa mwaka 2006 alizikata picha za wafanyakazi wa enzi za ukoloni kutoka kwenye nyaraka na kuzisimamisha juu ya magofu ya viwanda vya leo. Kwake dohani na magofu vinasema kitu. Kwangu vilikaa kama kalenda. Kila kalenda, kila fulana ya mji huu ina dohani lile. Macho hayalioni tena. Nikalitoa, nikabakiza ukuta wa matofali wenye vigae vya chupa juu yake, ambao kila mtu wa Lubumbashi anaujua kwa sababu anaukwepa kila siku.

Herufi za jina nilimwomba mzee wa Katuba aziandike kwa brashi kwenye kadibodi, nikazipiga picha na kuziingiza kwenye GIMP, programu ya bure. Hazichuruziki damu. Ni herufi za duka, nono, nyeupe, zimenyooka, zimewekwa chini ndani ya picha yenyewe, kwa namna Tshibumba Kanda Matulu alivyozoea kuandika maelezo ndani ya picha zake za historia ya nchi, zile takriban mia moja alizochora miaka ya 1973 na 1974. Chini ya jina kuna maneno mawili tu: *Papa amerudi.*

Halafu kikaja kiwanda cha mateso, yaani duka la kuchapisha. Nyeusi ya kwenye skrini na nyeusi ya wino ni ndugu wasioelewana. Kijana wa mashine aliitazama faili yangu akasema, “Yaya, hii itatoka paka majivu.” Alikuwa sahihi, maana wino mweusi peke yake ukitandazwa kwenye eneo kubwa hutoa kijivu kilichopauka. Anayetaka giza la kweli huchanganya na rangi nyingine tatu. Sisi tuliweka samawati asilimia 60, waridi 40 na manjano 40 juu ya nyeusi kamili, giza likashika. Ukizidisha mno, karatasi hulowa na wino haukauki. Tulichapa kwa ukubwa wa A2, sentimita 42 kwa 59.4. Mabango ya sinema ya Ufaransa huwa na sentimita 120 kwa 160, lakini kwetu nani atakulipia ukuta wa kiasi hicho? Na kusema kweli watu wengi wataliona bango kwenye simu, dogo kama stempu. Kwa hiyo kabla ya kuchapa nililipunguza mpaka likatosha kwenye ukucha wa dole gumba. Taa ilikuwa bado inaonekana, na jina bado linasomeka. Bango la fuvu na mikono na ngazi na popo, ukilipunguza hivyo, linakuwa doa.

Tulilibandika karibu na geti la chuo. Mama anayeuza mandazi pale alilitazama muda mrefu kabla ya kuniuliza, “Huyu ni muntu wa kazi ao ni mutumbula?” Sikumjibu. Aliita mwenzake waje kubishana, na mabishano yao yalikuwa mazuri kuliko sehemu fulani za filamu yetu, wenzangu wanisamehe. Prof alisema bado angependa damu kidogo, akatupa 14 juu ya 20.

Hofu yetu imeanza kuonekana mbali. Mwaka 2023 Baloji mwingine, mwanamuziki aliyezaliwa hapa Lubumbashi, alipata tuzo Cannes kwa filamu yake *Augure*, inayomhusu mtu aliyezaliwa na alama usoni na ukoo wake ukamwona ni wa shetani. Filamu nyingine zitafuata, na kila moja itahitaji bango, na wengi watakaoyatengeneza mabango hayo watakuwa vijana kama mimi wenye kompyuta na siku chache. Kwao nina ombi moja. Wakikuletea wazo la mtoto mwenye macho meupe, kataa. Waonyeshe *The Exorcist*, waonyeshe kifungu cha 41. Wakiendelea kung'ang'ania, warudishie picha zao na wamtafute mtu mwingine.