Kabla ya Kwenda Milimani

Waithaka, Nairobi

Mpwa wangu mpendwa,

 

Mama yako amenieleza kwamba jirani yako hapo Riruta amejenga ukuta wa mawe, nawe unadai ameingia futi tatu ndani ya ploti uliyoachiwa na marehemu baba yako. Anasema umeshamwona wakili, na wiki ijayo unakwenda kumshtaki kwenye Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Milimani. Subiri kidogo.

Sheria yenyewe itakurudisha nyumbani. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinakataza korti kusikiliza kesi ya mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla msajili wa ardhi hajauamua mpaka huo. Na ile ramani unayoitembeza kila mahali, kifungu hicho hicho kinasema huonyesha mpaka kwa makadirio tu, isipokuwa rejista iwe imeandika kwamba mpaka ulipimwa rasmi. Kwa hiyo hizo futi tatu bado hakuna azijuaye, si wewe wala si yeye.

Basi anzia kwake. Nenda Jumamosi asubuhi, peke yako, bila kurekodi kwa simu. Msalimu, mjulie hali watoto, kisha muulize alifuata alama gani alipochimba msingi. Muulize, usimshutumu. Huenda fundi aliufuata ua wa zamani wa kayaba, na ua ukikatwa upande mmoja miaka nenda miaka rudi, husogea bila mtu kuusogeza.

Msipoelewana, mwiteni naibu wa chifu pamoja na wazee wanaoikumbuka mipaka ya zamani. Hawawezi kubadilisha hati, lakini wanaujua mti uliokuwa mpakani. Usidhani hapo unaikwepa sheria: ibara ya 159 ya Katiba ya 2010 inazitaka korti zenyewe ziendeleze upatanisho na njia za jadi.

Ikishindikana, tafuteni sorveya mmoja mwenye leseni, mgawane malipo, kisha mwombeni msajili aje aamue. Ukileta wako naye akaleta wake, mtabaki na ramani mbili na ugomvi ule ule. Mkikubaliana, andikeni na mtie sahihi mbele ya mashahidi, maana watoto wenu hawatakuwa wamesikia mliyoyasema. Ukuta usiuguse, na bikoni usithubutu kuzing'oa. Hilo ni kosa la jinai.

Mwanangu, hata ukishinda, hukumu haimhamishi jirani. Bomba lako la majitaka linapita kwake, na siku likiziba utabisha lango lile lile. Wagombanao ndio wapatanao, ila hugharimu kidogo wakipatana mapema.

Wakili mwambie angoje. Ukishatoka kwa jirani, nipigie simu unieleze alivyojibu.

Ni mimi mjomba wako.