Sikio Ndilo Mhariri

Watu wengi huamini kwamba kazi ya sauti ni ya kipofu kwa asili yake. Husema, "Huyu amenyimwa macho, akaongezewa masikio, basi mpeni redio." Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Uganda, nisiyeona tangu utotoni, na kwa miaka mingi nimekuwa nikitayarisha masomo ya kusikiliza kwa wanaojifunza lugha hii. Imani hiyo naiona kuwa ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki inatuhusu sisi walimu.

Zamani za tepu, imani hiyo ilikuwa na msingi. Mhariri aliyazungusha magurudumu kwa mkono, mbele na nyuma, mpaka akasikia neno linapoanzia. Akatia alama, akakata kwa wembe, akaunganisha kwa utepe wa gundi. Katika mwendo wa sentimita 19 kwa sekunde, uliokuwa wa kawaida, sekunde moja ya maneno ilikaribia urefu wa shubiri. Pumzi ya msemaji iliweza kupimwa kwa vidole. Sikio liliongoza, mkono ukafuata.

Kompyuta iligeuza mambo. Sauti ilichorwa katika skrini mfano wa mawimbi: penye kishindo pamefura, penye kimya pamenyooka kama uzi. Mwenye macho akawa anaona mahali pa kukata hata kabla hajasikiliza. Hapo ndipo tulipofungiwa mlango, kwa kuwa chombo cha sauti kilikuwa kimegeuzwa chombo cha picha.

Mlango huo hufunguliwa kwa programu ya kusoma skrini, ambayo hutamka maandishi yaliyo mbele ya mtumiaji au kuyatoa kwa nukta nundu. Mathalani ipo NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, akaungwa mkono na James Teh, wote wawili wasioona. Nayo hutolewa bure. Lakini msomaji huyo hawezi kutamka kisichokuwa na jina. Mawimbi yaliyochorwa, kwake ni bubu. Kitufe chenye picha ya mkasi, ikiwa mtengenezaji hakukipa jina ndani ya programu, husomwa "kitufe" basi. Nimepata kufungua programu moja iliyosifiwa sana, nikasikia "kitufe, kitufe, kitufe", kama mgeni anayetambulishwa kwa wenyeji wake kwa kuambiwa "mtu, mtu, mtu".

Penye nia njia ipo. Katika Audacity, ambayo nayo ni ya bure, kazi za msingi zaweza kufanywa kwa kibodi bila kugusa kipanya. Sauti ikiwa inapita, nabonyeza mabano ya mraba ya kushoto panapoanza kipande nisichokitaka, na ya kulia panapokwisha. Kisha herufi C hunisikilizisha jinsi maneno yatakavyofuatana kipande kikiondolewa, nami sijakiondoa bado. Programu ya REAPER nayo ina nyongeza iitwayo OSARA, aliyoianzisha huyo huyo Teh, ambayo hutangaza kwa maneno mambo yanayoonyeshwa kwa macho. Hakuna muujiza hapa: ni majina kwa kila kitufe, njia ya kibodi kwa kila kazi, na taarifa ya maneno kwa kila badiliko.

Yamkini msomaji atauliza kuna ubaya gani kipofu akimtafuta mwenye macho amkatie. Niliwahi kumrekodi bibi mmoja akitega vitendawili. Kila alipotega alinyamaza, akawaacha wasikilizaji wahangaike, ndipo akadai mji. Kijana aliyenisaidia, mwema na mwepesi wa kazi, aliona katika skrini nyuzi zilizonyooka, akazikata zote; alisema hapakuwa na kitu. Kitendawili na jibu lake vikagongana, na bibi akawa kama mtu anayesoma orodha ya bei. Nilirudia rekodi ya asili, nikaihariri mwenyewe kwa sikio, na kile kimya kikarudi mahali pake. Jambo linalotetewa, basi, si urahisi wa kazi tu. Anayekata ndiye anayeamua mzee wetu asikike vipi.

Sasa nawageukia walimu wenzangu. Sauti ya Kiswahili kwa programu hizi ipo. eSpeak NG, inayokuja pamoja na NVDA, inayo. Nayo hufuata tahajia yetu, ambayo kwa bahati njema husomeka kama ilivyoandikwa. Lakini menyu zikiwa za Kiingereza, sauti hiyo hulitamka neno "Save" kwa silabi mbili, sa-ve, na mwanafunzi habaini kama ameambiwa ahifadhi au afute. Menyu zahitaji istilahi zetu, fupi na zisizogongana. Ile safu moja ya sauti miongoni mwa nyingi, je, tuiite mkondo, njia au safu? Tukiwa na majina matatu kwa kitu kimoja, mwenye macho ataitazama picha na kuelewa. Asiyeona hana picha ya kumwokoa, ana lile jina tu.

Naomba jambo hili liwekwe katika ajenda ya mkutano wetu ujao, na wanafunzi wasioona waalikwe kuyasikiliza majina hayo kabla hatujayapitisha.