Siku Moja Ngomeni: kwa Treni, kwa Miguu na kwa Mashua

Kila likizo ya shule inapokaribia, sisi wenyeji wa kisiwa hiki hupokea salamu za jamaa zetu walioko Nairobi, na salamu hizo huja zimeandamana na orodha. Watoto wanataka kuiona Ngome ya Yesu, kuzunguka Mji wa Kale, kupanda mashua, kuvuka kwa feri ya Likoni, kuogelea Nyali, kuwatazama mamba, na ikiwezekana kufika hadi Diani. Yote hayo yafanyike kwa siku moja, kwa kuwa mzazi hakupata ruhusa zaidi kazini. Kutamani si kosa. Lakini mtaka yote kwa pupa hukosa yote, nasi tumewasindikiza wengi hadi stesheni jioni ambao watoto wao wameijua Mombasa kwa dirisha la gari tu.

Rai yetu ni kwamba siku moja yatosha mambo matatu: kuiona Ngome kwa ndani, kuutembea Mji wa Kale kwa miguu, na kuitazama Ngome hiyo hiyo kwa upande wa bahari. Hili la tatu ndilo wengi huliacha, ilhali ndilo linaloyafungua mawili ya kwanza. Mgeni wa zama hizi huingia Mombasa kwa mgongoni. Treni humshusha Miritini, upande wa bara, kisha gari humvusha Makupa hadi kisiwani. Mji wenyewe haukujengwa kumngojea mgeni huyo. Ulijengwa ukiitazama bahari, na asiyewahi kuutazama kutoka majini ameuona kisogo.

Tuanze na safari. Reli ya kisasa iliyofunguliwa mwaka 2017 ina urefu wa zaidi ya kilomita 470 kutoka Nairobi hadi Miritini. Mwenye siku moja na afikirie treni ya usiku. Kwa ratiba iliyozoeleka, huondoka Nairobi saa nne usiku na kufika kabla ya adhana ya Alfajiri, na ya kurudi huondoka Miritini saa nne usiku vilevile. Hivyo mchana wote hubaki mikononi mwa msafiri. Anayetaka watoto waone tembo wa Tsavo hana budi kupanda ya asubuhi, inayosimama njiani, lakini ajue kwamba atafika alasiri na itambidi alale. Ratiba hubadilika, na siku za likizo na za Idi tikiti huisha mapema. Basi na zikatwe siku nyingi kabla. Kila mtu mzima awe na kitambulisho chake, na familia ifike stesheni saa nzima kabla ya treni kuondoka, kwani ukaguzi wa mizigo huchukua muda.

Kutoka Miritini hadi kisiwani kuna matatu na teksi. Aliye na jamaa mjini apitie kwao, watoto wapumzike na kuoga. Tusione haya kumwambia mgeni alale saa mbili. Mtoto aliyekesha garini hataona cha maana Ngomeni. Kisha kitandikwe chai, mahamri na mbaazi za nazi, na ifikapo saa mbili asubuhi, wakati lango la Ngome linapofunguliwa, familia iwe pale mlangoni. Ikifika saa nne jua huwa kali juu ya kuta zile, na mawe huanza kurudisha joto.

Ngome hii Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mtaalamu wa ujenzi kutoka Milan, nchini Italia. Ilisimamishwa juu ya mwamba wa matumbawe, na mawe yake ni ya matumbawe hayo hayo. Mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Haya mtoto atayasoma kibaoni. Yapo mengine yanayomtaka mtu mzima wa kumwelezea, na hapa ndipo tunapowaomba wazazi wasiende mikono mitupu.

Mtoto akiona mizinga huuliza: ya nani? Jibu si fupi. Na aambiwe habari za Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme, ambaye baba yake aliuawa kwa hila za Wareno, naye akapelekwa Goa angali mdogo, akalelewa Ukristoni na kupewa jina la Jerónimo, kisha akarudishwa kutawala Mombasa. Mwezi wa Agosti 1631 aliwageukia waliomlea, akaitwaa Ngome. Na aambiwe pia kwamba Wakristo wengi wa mji, Wareno na Waafrika, waliuawa katika siku hizo, wasio askari wakiwa miongoni mwao. Tusimfiche mtoto upande huo wa habari. Historia iliyochujwa haimfundishi mtu ila kujisifu.

Kisha asimulie mzingiro mkubwa. Majeshi ya Oman yaliizingira Ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, karibu miezi 33. Waliojifungia ndani hawakuwa Wareno peke yao; walikuwapo Waswahili waliokuwa upande wao, wakiwamo watu wa Faza. Maradhi na njaa viliua wengi kuliko risasi. Mwaka 1697 merikebu iliyokuja kuwaokoa, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya Ngome. Mabaki yake yalifukuliwa na wapiga mbizi katika miaka ya 1970, na baadhi ya vitu vilivyopatikana vimewekwa katika jumba la makumbusho humo humo. Mtoto akisimama mbele ya vyombo hivyo akiwa amekwisha kusimuliwa, hatavipita mbio.

Baada ya Wareno walikuja Mazrui, waliotumwa na Oman kisha wakatawala kwa amri yao wenyewe, hadi Sayyid Said alipoitwaa Mombasa mwaka 1837 na viongozi wao kadhaa wakakamatwa na kupelekwa Ghuba. Huko nako Mwislamu alimfunga Mwislamu mwenziwe. Waingereza nao waliigeuza Ngome kuwa jela kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Wapo wazee wetu wanaokumbuka Ngome ikiwa jela, na kila mwaka hupungua. Kwa hiyo tunashauri hivi: kabla ya kumtafuta mwongoza wageni, mtafuteni mzee wa ukoo. Mchukueni kwa tuktuk hadi langoni, mpeni kiti kivulini, naye awaambie watoto aliyoyaona na aliyoyasikia. Mwongoza wageni mzuri atawapa tarehe. Mzee atawapa majina ya watu. Vyote viwili vyahitajika, lakini hili la pili halina kibao cha kulihifadhi.

Kabla ya kutoka, wapitisheni watoto kwenye njia ya matao iliyochongwa mwambani kuteremka kuelekea baharini. Kwa upande huo Ngome ilipokea chakula na watu kutoka majini. Waambieni waikumbuke, kwa kuwa watauona upande huo tena mchana.

Saa nne na nusu hivi ni wakati wa kuingia Mji wa Kale kwa Ndia Kuu, inayoanzia karibu na Ngome. Hapa gari halina faida. Watoto watazame milango iliyochongwa, roshani za mbao, na baraza ambako wazee bado hunywa kahawa tungu. Katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Waingereza, njia za mji huu zilikuwa na reli nyembamba, na vigari vidogo vilisukumwa na watu juu yake. Mtoto aliyetoka kushuka treni atafurahi kusikia hayo. Msikiti wa Mandhry, ambao tangu zamani husemwa kuwa ulijengwa mwaka 1570, ungali ukiswaliwa. Wageni wakumbushwe kwamba mji huu una wenyewe: mavazi yawe ya heshima, na mtu asipigwe picha kibarazani kwake bila kuombwa idhini.

Swala ya Adhuhuri na iwe ndiyo nguzo ya kati ya siku. Wengine hupanga safari kwa saa za kufungwa maduka. Sisi hatuna haja, kwa kuwa siku yetu imekwisha kugawanywa. Swaleni, kisha mle. Walio safarini wana ruhusa zao za kupunguza na kukusanya swala, na wenye shaka wawaulize masheikh wao kabla ya kuondoka nyumbani. Akina mama waulize mapema ni msikiti upi ulio na sehemu yao. Siku ya Ijumaa haifai kwa mpango huu, kwani mchana wote huelekea msikitini.

Baada ya chakula ni zamu ya bahari. Hapa mpangaji asitazame saa peke yake, atazame na maji. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti yake huwa kiasi cha mita 3. Maji yakiwa yamekupwa, kushuka na kupanda mashuani huwa taabu kwa wazee na watoto. Mvuvi yeyote atawaambia siku hiyo yanajaa saa ngapi. Mwulizeni kabla ya kupanga, hata ikibidi mashua itangulie na mji ufuate. Miezi ya kusi bahari ya nje huchafuka, lakini ndani ya hori ya Tudor, baina ya kisiwa na Nyali, kwa kawaida huwa shwari. Bei na muda viafikiwe kabla ya mtu kutia mguu. Kila mmoja, mkubwa kwa mdogo, avae jaketi ya kuokolea. Nahodha asiye nazo za kutosha, mwacheni na salamu.

Mashua ikishaondoka, mwambieni nahodha asiwe na haraka mbele ya Ngome. Hapo ndipo mtoto huelewa. Ataona jinsi kuta zilivyokaa juu ya mlango wa bandari, hata chombo chochote kilichoingia kilipita chini ya mizinga. Ataona ilivyokuwa rahisi kuulinda upande huo na jinsi waliojifungia walivyoitazama bahari wakingojea tanga la msaada. Kisha mji utafunguka: Bandari ya Kale, ambako majahazi ya Ghuba yalitia nanga kwa pepo za kaskazi, nyumba zilizopangana juu ya mwamba, na mnara mweupe wa Mandhry. Ndia Kuu waliyoitembea asubuhi iko nyuma ya nyumba hizo. Sasa wataelewa kwa nini bandari iliufanya mji, na kwa nini watu wa mbali waliupigania.

Familia ambayo mfuko wake haufikii mashua isivunjike moyo. Feri ya Likoni humvusha mwenye miguu bila malipo, na nusu saa ya kwenda na kurudi humwonyesha mtoto meli kubwa zikiingia Kilindini, bandari iliyoichukua kazi ya ile ya kale. Haitampa sura ya Ngome, lakini itampa maana ya kisiwa.

Baada ya Alasiri pumzikeni penye mibuyu ya Mama Ngina, upepo wa bahari ukivuma, madafu yakipasuliwa. Msiongeze jambo la nne. Waacheni watoto waulize. Maghribi iswaliwe mjini, chakula cha jioni kiwe chepesi, na ifikapo saa mbili usiku muwe njiani kuelekea Miritini, kwa maana foleni ya Changamwe haina muhali na mwenye tikiti. Na mzee aliyewasimulia asisahauliwe: arudishwe nyumbani kwanza, ashukuriwe, na aulizwe kama ana mengine ya kusimulia likizo ijayo. Nyali na Diani zitakuwapo.